Tiki ya Kijani Haijawahi Kurudisha Faili

Chumba cha seva cha kampuni ile zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya usafi, na mafagio bado yameegemezwa nyuma ya mlango. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kopo la rangi. Chini yake kuna seva ya kijivu iliyobandikwa karatasi ya daftari yenye maneno mawili: USIZIME. BAKAPU. Aliyeyaandika aliacha kazi miaka mingi iliyopita. Nywila yake ipo, imeandikwa nyuma ya karatasi hiyohiyo.

Nilikuwa nimeitwa kuamua ugomvi. Kampuni inasambaza dawa kwa jumla hapa Dar es Salaam, ina wafanyakazi wasiofika arobaini, na programu yake ya nakala rudufu ni toleo la mwaka 2010, limekaa juu ya Windows Server 2008. Muuzaji ameleta profoma ya toleo jipya. Kijana wa TEHAMA anataka inunuliwe hata leo. Mama mkurugenzi hataki, na sababu zake si za mtu bahili.

"Mwanangu," aliniambia, "hiki kitu hakijawahi kutusumbua. Kila Jumatatu naletewa ripoti, na kila ripoti ina tiki ya kijani. Sasa huyu ananiambia ni kizee. Hata mimi ni mzee, mbona nafanya kazi?"

Sikuwa na jibu la hapo kwa hapo. Nilimwomba kijana anirudishie faili moja tu: ankara yoyote ya mwezi uliopita. Akaingiza tepu, mashine ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena. Tulikunywa chai. Baada ya dakika kama arobaini folda ya uhasibu ikafunguka kwenye kioo, na ankara ya mwisho kabisa humo ndani ilikuwa ya Machi 2021.

Kijana alijaribu tepu nyingine. Machi 2021. Akajaribu ya tatu, huku shingo imeanza kulowa jasho licha ya kiyoyozi.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi mno. Mwaka 2021 wahasibu walihamia mfumo mpya wa hesabu uliowekwa kwenye seva mpya. Programu ya bakapu ya aina ile huhitaji kijiprogramu chake kisakinishwe kwenye kila seva inayonakiliwa, na kijiprogramu cha mwaka 2010 kilikataa kukaa juu ya mfumo endeshi wa kisasa. Fundi wa wakati ule akaandika kwenye daftari la makabidhiano "itashughulikiwa", kisha akapata kazi kwingine. Programu ikaendelea kunakili folda iliyoagizwa kunakili tangu siku ya kwanza, kila usiku, bila kukosa. Folda ilikuwa imekufa, lakini hakuna aliyeiambia programu. Kwa hiyo tiki ilikuwa ya haki kabisa. Iliulizwa kama kazi iliyoagizwa imefanyika, ikajibu ndiyo.

Tangu siku hiyo nikiulizwa na mtu yeyote kama aboreshe programu yake ya bakapu, sisemi neno mpaka nione faili limerudi. Ofisi nyingi hubishana kuhusu umri wa programu, bei ya leseni na sifa za toleo jipya, ilhali hakuna aliyewahi kujaribu kutoa kitu ndani ya sanduku lile. Ni kama familia inayobishana kubadilisha kufuli la ghala bila kuchungulia kama mna mahindi.

Wala msidhani haya ni ya kampuni ndogo zenye seva stoo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya waandishi wa programu dunia nzima, alikuwa anahangaika usiku na kanzidata iliyolemewa. Akadhani yuko kwenye seva ya akiba, akaamuru folda ya data ifutwe. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipogundua na kukatiza amri, katika gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Basi wakageukia nakala rudufu. Kwenye makaratasi walikuwa na njia tano za kujilinda. Walipozifungua moja moja, hakuna hata moja iliyokuwa imefanya kazi sawasawa au kuwekwa tangu mwanzo.

Njia iliyonigusa zaidi ni ile ya kunakili kanzidata kila siku na kuipeleka kwenye hifadhi ya mbali. Ile hifadhi ilikutwa tupu. Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini chombo cha kunakilia kilichokuwa kinaitwa kila siku kilikuwa cha toleo la 9.2, na chombo hicho kwa desturi yake hukataa kunakili kanzidata iliyo mpya kuliko chenyewe. Kilikataa kila siku. Kila siku kikatuma barua pepe ya kulalamika. Barua zikakataliwa na mfumo wa kupokea barua kwa sababu hazikuwa na sahihi inayotakiwa, na hakuna aliyeshangaa ukimya ule. Waliokolewa na bahati: nakala ya majaribio ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla. Data ya saa hizo sita ndiyo iliyopotea, na GitLab wenyewe wakaeleza yote hadharani, jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la umri. Programu ya bakapu haichakai kama tairi. Ule uwezo wake wa kuchukua biti hapa na kuziweka pale haupungui hata baada ya miaka ishirini. Inazeeka pembeni, mahali inaposhikana na vitu vingine. Windows Server 2003 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Julai 2015, ya 2008 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, ya 2012 tarehe 10 Oktoba 2023. Kila wimbi la namna hiyo linapopita, ofisi huleta seva mpya, kanzidata mpya, mara seva pepe tano ndani ya mashine moja, na programu ya zamani inabaki inawatazama wageni wasiojua lugha yake. Wakati mwingine itapiga kelele. Mara nyingi itanyamaza na kuendelea na wale inaowafahamu.

Kwa hiyo umri kwa miaka haunisumbui sana. Nimeona ofisi ya watu sita yenye programu ya kizamani, seva ya umri uleule, na faili linarudi kila linapoitwa. Hao niliwaambia wasiharakishe. Nimeona pia programu ya mwaka juzi inayoshindwa kuona seva moja muhimu kwa sababu aliyeiweka hakutia alama kisanduku kimoja. Swali langu kwa programu ni kama inaona kila kitu ambacho ofisi haiwezi kuishi bila hicho. Orodha ya vitu hivyo, kwa bahati mbaya, haipo kwa kijana wa TEHAMA. Ipo kwa dada wa uhasibu, kwa mtunza stoo, na kwa yule mzee wa mauzo anayeweka bei zote kwenye jedwali moja juu ya dawati la kompyuta yake, mahali ambapo hakuna bakapu duniani imeagizwa kupita.

Sasa niwape haki wale wanaoogopa kuboresha, maana wana hoja, tena nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kule Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti: mafaili kama milioni 34 ya vikundi 14 vya watafiti. Hakukuwa na mdukuzi wala moto. Uliofuta ni mfumo wa nakala rudufu wenyewe, na ulifuta kwa sababu uliboreshwa.

Hewlett Packard Enterprise, waliokuwa wakiuhudumia mfumo huo, waliandika upya skripti moja ya kusafisha kumbukumbu za matukio zilizopita siku 10. Toleo jipya lilikuwa nadhifu, majina ya vigezo yamebadilishwa ili yasomeke vizuri. Tatizo ni kwamba liliwekwa juu ya toleo la zamani wakati lile la zamani bado linakimbia. Sasa Bash, inayoendesha skripti hizo, haimezi skripti nzima kwa mara moja. Inasoma kidogo, inatenda, inarudi kusoma. Iliporudi ikakuta maandishi mengine. Kigezo kilichopaswa kutaja folda ya kusafishwa kilikuwa tupu, na amri ya kufuta ikaingia kwenye hifadhi ya watafiti badala ya folda ya kumbukumbu. Ilifuta kuanzia tarehe 14 mpaka tarehe 16. Kampuni ilikubali kosa ni lake kwa asilimia 100, lakini kukubali kosa hakukurudisha mafaili.

Mkurugenzi anayesema "kisichoharibika usikiguse" amewahi kusikia kitu cha namna hii, au ameonja kidogo yaliyompata jirani. Mimi simcheki. Jibu langu kwake ni kwamba kule Kyoto hatari ilitokana na namna ya kubadilisha: la zamani halikusimamishwa kwanza kabla ya jipya kuwekwa. Hilo linazuilika kwa subira ya wiki chache. Kuikwepa hatari hiyo kwa kutobadilisha kabisa kuna gharama yake, na siku hizi gharama hiyo ina jina: wadukuzi.

Programu ya bakapu ni mtumishi mwenye funguo zote. Ili inakili mishahara lazima isome mishahara, na ili inakili barua za mkurugenzi lazima ifike kwenye barua za mkurugenzi. Wadukuzi wanaofunga mafaili na kudai fidia walilielewa hilo mapema kuliko sisi. Wakiingia ofisini, wanaitafuta bakapu kwanza, kwa sababu mbili: ina ruhusa za kwenda kila mahali, na ikishafutwa, mwenye mali hana pa kukimbilia ila kulipa.

Mfano mzuri ni wa Veritas Backup Exec. Machi 2021 Veritas walitoa viraka vya matundu kadhaa kwenye programu hiyo. Tundu moja lilitokana na njia ya zamani ya uthibitisho wa utambulisho ambayo matoleo ya wakati huo hayakuitumia tena, ila hakuna aliyekuwa ameizima. Mlango wa nyuma wa nyumba ya zamani, umesahaulika, komeo halijafungwa. Waliosasisha wakawa salama. Wasiosasisha wakaendelea kupata tiki zao za kijani. Aprili 2023 kampuni ya usalama ya Mandiant ikaeleza kwamba genge lililokuwa likitumia programu hasidi ya ALPHV lilikuwa likiingia ofisini mwa watu kwa matundu hayohayo, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya viraka kutolewa. Si Veritas peke yao. Veeam walitoa kiraka cha tundu kubwa Machi 2023, na cha jingine Septemba 2024, na yote mawili yakatumiwa na wadai fidia dhidi ya waliochelewa.

Kwa hiyo programu ya mwaka 2010 isiyopata viraka, ikiwa na nywila ya msimamizi mkuu wa mtandao mzima, tena imeandikwa nyuma ya karatasi, hiyo kwangu haina mjadala mrefu. Hata kama faili linarudi. Ama ibadilishwe, ama itenganishwe na mtandao kiasi kwamba hakuna anayeweza kuifikia bila kusimama mbele yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii imevaliwa karibu kuliko shati.

Kutenganishwa huko kuna simulizi yake ya kwetu Afrika. Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya ilipoisambaratisha kampuni ya meli ya Maersk, karibu seva zake zote zilizotunza utambulisho wa watumiaji wake duniani zilifutwa, na zilikuwa zimepangwa ziwe akiba zenyewe kwa zenyewe. Moja ilisalia, ofisini kwao Ghana. Umeme ulikuwa umekatika, seva ikawa nje ya mtandao wakati moto unapita. Sisi tunaolalamikia mgao tumepata angalau siku moja ya kujisifia. Lakini usipange usalama wa ofisi yako kwa ratiba ya kukatika umeme. Nunua diski ya nje, inakili, ichomoe, ifungie kwenye kabati la chumba kingine.

Kuna jambo wauzaji wa matoleo mapya hawalitaji mpaka umelipa: ya zamani haiondoki. Tepu za nyuma zimeandikwa kwa lugha ya programu ile, na mara nyingi ni programu ileile, au ndugu yake wa karibu, inayoweza kuzisoma. Mashine nazo zina mipaka. Tepu za LTO zilizozoeleka maofisini zilikuwa na desturi ya kusomeka na mashine za vizazi viwili mbele. Kizazi cha nane kikaivunja desturi hiyo: mashine ya LTO-8 inasoma ya saba na ya nane tu, ukiipa ya sita inaitema. Ofisi inaweza kununua mashine mpya na programu mpya siku moja, na siku hiyohiyo ikawa imefunga mlango wa miaka yake yote ya nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Afisa wa kodi hatajali kwamba zipo, ila zimo ndani ya tepu isiyo na msomaji.

Ndiyo maana, pamoja na programu yoyote mtakayochagua, mimi hushikilia kitu kimoja cha kishamba: kanzidata ya hesabu itolewe mara moja kwa wiki kwa chombo chake yenyewe, iwekwe kwenye muundo wa wazi ambao hauhitaji leseni ya mtu kuufungua. Muundo wa tar ulitoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Leo ukiupa karibu kompyuta yoyote itaufungua. Sijui programu ya bakapu ya kulipia inayoweza kusema hivyo.

Na wingu? Mama mkurugenzi aliniuliza, kwa sababu profoma ya pili ilikuwa ya wingu, tena ya bei nafuu. Wingu ni zuri kama nakala ya pili au ya tatu, iliyo mbali na moto na mafuriko ya mto Msimbazi. Ila nilimpigia hesabu mezani. Ofisi ina terabaiti mbili. Laini yao ni megabiti 20 kwa sekunde, pale inapokuwa na siku njema. Kuzirudisha zote kutoka winguni kunachukua zaidi ya siku tisa mfululizo, usiku na mchana, bila mtu mwingine kufungua hata barua pepe. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima ilijua intaneti inayotambaa ikoje. Faili moja kutoka winguni, sawa. Kampuni nzima, hapana. Nakala ya kwanza lazima ikae ndani ya jengo.

Bei nayo tuiseme. Leseni za kudumu, zile za kununua mara moja na kukaa nazo miaka kumi na nne, zinazidi kutoweka, na wengi sasa wanauza kwa mwaka. Ukiona profoma, usitazame mwaka wa kwanza, zidisha mara tano. Kisha uliza swali ambalo muuzaji wetu alilijibu kwa kukohoa: nisipolipa mwaka wa tatu, bado nitaweza kurejesha nilichonakili mwaka wa pili? Majibu yanatofautiana, na yapo kwenye maandishi madogo. Zipo pia programu huria zisizo na leseni ya kulipia, Bacula kwa ofisi kubwa, restic kwa wanaomudu kuandika amri, lakini hizo zinataka fundi anayezielewa na atakayebaki. Programu ya bure iliyowekwa na kijana anayehama mwakani ndiyo iliyonipeleka kwenye chumba cha seva zaidi ya mara moja.

Yule wa kwetu, kijana wa kampuni ya dawa, alitaka kung'oa ile ya zamani siku ileile. Nilimkataza. Jioni hiyo tulifanya jambo moja tu: tukanakili kanzidata ya uhasibu kwenye diski ya nje, kwa chombo cha kanzidata yenyewe, tukairejesha kwenye kompyuta yake ya mkononi, na dada wa uhasibu akaja kufungua ankara tatu za mwezi uliopita kuhakikisha namba ni zenyewe. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu Machi 2021, kampuni ilikuwa na bakapu.

Toleo jipya lilinunuliwa wiki tatu baadaye, baada ya kuomba la majaribio na kurejesha seva nzima kwenye mashine isiyo na kazi. Programu zote mbili zilikimbia sambamba kwa mwezi mmoja. Akaunti ya zamani yenye funguo zote ilifutwa, mpya ikapewa ruhusa za kusoma inachohitaji. Seva ya kijivu haikutupwa. Ilizimwa, ikachomolewa waya wa mtandao, ikaachwa palepale na mashine yake ya tepu mpaka kumbukumbu za mwisho zilizomo zifikishe miaka mitano. Mama mkurugenzi alisaini hundi bila furaha na kwa sharti moja alilolitunga mwenyewe: ripoti ya Jumatatu aletewe, lakini mwisho wa kila mwezi yeye ndiye anayechagua faili la kurejeshwa, na halichagui mpaka awe ameketi mbele ya kioo.

Ile karatasi ya USIZIME sasa iko droo ya kijana. Anasema ni kumbukumbu. Nywila ya nyuma haifungui kitu tena.

Nawe unayejiuliza kama ofisi yenu inunue toleo jipya, weka profoma pembeni kwanza. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mwombe mtu wenu wa TEHAMA akurudishie ankara moja ya mwezi uliopita, na umshike saa. Usimwambie leo.